Nyuma ya Jalada

Mteja akiniletea kitabu kikuukuu hunionyesha mgongo uliochanika na nyuzi zilizokatika. Mimi jicho huniendea kwingine, nyuma ya jalada la mbele. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, hapa Mji wa Kale, Mombasa: misahafu ya madrasa, vitabu vya sheria vya mawakili, madaftari ya hesabu ya wenye maduka. Kazi hii imenifundisha kwamba kitabu hubeba karatasi nyingi kuliko zile alizokusudia mchapishaji, na hizo za ziada ndizo zilizoniteka.

Mojawapo inayosakwa sana ni kijikaratasi cha mwenye kitabu. Kwa kawaida hakizidi kiganja. Kina picha au nembo, jina la mtu, na mara nyingi maneno mawili ya Kilatini, ex libris, yaani kitabu hiki ni miongoni mwa vitabu vya fulani. Mwenyewe alichapishiwa mamia, akawa anabandika kimoja kimoja kwa gundi kila anunuapo kitabu.

Desturi hiyo ilishika mizizi Ujerumani katika karne ya 15, na sababu yake naielewa vizuri. Msahafu wa kunakiliwa kwa mkono haufanani na mwingine, lakini nakala mbili zilizotoka matbaa moja hazitofautiani. Jina ndilo huzitenga. Kimojawapo cha vile vya kale kabisa ni cha kasisi mmoja aliyejulikana kama Igler, na juu yake kachorwa kalunguyeye mwenye ua mdomoni, mnyama ambaye jina lake la Kijerumani ni Igel. Mzaha wa mtu aliyekufa zamani sana, na bado unachekesha. Baadaye kidogo Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Nürnberg, alimtengenezea rafiki yake Willibald Pirckheimer kijikaratasi chenye maneno ya kumcha Mungu kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, na tangazo kwamba kitabu ni chake yeye na rafiki zake. Hapo kwenye rafiki zake ndipo ninapompendea bwana huyo. Wengine waliandika laana kwa wezi.

Sisi watu wa mwambao tulikuwa na wakfu. Katika misahafu na vitabu vya fiqhi vya zamani, ukurasa wa mwanzo huandikwa kwa mkono, kwa Kiarabu, kwamba fulani bin fulani amekitoa kitabu hiki wakfu: kisiuzwe, kisitolewe hiba, kisirithiwe. Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na wanakili hodari wa misahafu katika karne za 18 na 19. Nikipata maandishi ya wakfu siyagusi kabla ya kumwita mwenye kitabu aje ayasome, maana kuna watu hujikuta wanakiuza kitu kisichouzika. Mzungu alibandika karatasi kusema kitabu ni changu. Babu zetu waliandika kusema si changu tena. Mimi naona yetu ni nzito zaidi, lakini mimi ni mtu wa Mombasa, msinisikilize.

Ukusanyaji wa vijikaratasi vya vitabu ulishamiri Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1891 wapenzi wake waliunda chama chao London. Augustus Wollaston Franks, ofisa mkubwa wa British Museum, alipofariki mwaka 1897 aliliachia jumba hilo mkusanyo wake. Orodha iliyochapishwa miaka michache baadaye ilivitaja zaidi ya 35,000 vya Uingereza na Marekani. Wakusanyaji walijifunza kuvipanga kwa mitindo, wakatambua enzi kwa umbo la ngao na mapambo ya pembeni. Haya ni mambo ya kupendeza, ila sina haja ya kuwachosha nayo.

Linalonikera ni namna vilivyopatikana. Gundi ya zamani ilikuwa ya unga, na unga hulegea kwa maji. Watu waliroweka majalada, wakabandua karatasi, vitabu vikaenda zake. Kuna padri wa Biberach, Ujerumani, Hilprand Brandenburg, aliyeipa monasteri ya Buxheim mamia ya vitabu vyake. Ndani yake ilibandikwa picha ya malaika aliyeshika ngao yenye fahali, iliyotiwa rangi kwa mkono. Mwaka 1883 maktaba ya Buxheim iliuzwa kwa mnada mjini Munich, ikatawanyika. Leo mtafiti akikuta malaika yule ndani ya kitabu, po pote kilipo, anajua kilipita mikononi mwa nani na kwenye rafu za nani. Lakini akikuta malaika peke yake ndani ya albamu, anajua nini? Kwamba Brandenburg alikuwa na kitabu. Hilo tulilijua.

Msimamo wangu ni huo huo kwa karatasi nyingine zote ndogo: risiti za maduka ya nguo, kadi za mialiko ya harusi, lebo za viberiti, karatasi za tarehe za maktaba zenye mihuri iliyopishana. Ndani ya kamusi moja nilikuta tiketi ya reli, kipande kigumu cha kadi, cha kutoka Voi kwenda Moshi. Umbo lile lina historia yake. Lilibuniwa na Thomas Edmondson, karani wa reli huko Uingereza, katika miaka ya 1830, na likaenea duniani: kadi ya kama milimita 57 kwa 30, ina namba tayari, karani wa stesheni anagonga tarehe tu. Tarehe ya hii yangu ilikuwa imefutika. Lakini juu yake palichapishwa herufi za shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililodumu kwa jina hilo tangu 1948 hadi 1969, kwa hiyo nikapata miaka ya msafiri wangu. Tiketi ilikuwa imewekwa kwenye kurasa za herufi M. Kamusi ikiuzwa bila tiketi, na tiketi bila kamusi, hakuna atakayejua kwamba mtu fulani alivuka kutoka Kenya kwenda Tanganyika huku akitafuta neno.

John Johnson, aliyekuwa mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, angenielewa. Ujanani alichimba jaa za miji ya kale ya Misri akitafuta mafunjo: risiti, barua, hesabu za watu wa kawaida. Aliporudi kwao akaanza kuokota takataka za karatasi za nchi yake mwenyewe, matangazo, tiketi na bei za bidhaa. Mkusanyo wake, ambao sasa uko maktaba ya Bodleian, una vipande zaidi ya milioni moja.

Anayetaka kuanza hahitaji fedha. Anahitaji bahasha za karatasi nzuri, na penseli ya kuandika kitu kimetoka kitabu gani, ukurasa gani. Kalamu ya wino hupenya. Selotepu huacha doa la njano lisilotoka. Kwa joto na unyevu wetu, mende hufuata gundi ya unga kama watoto wafuatavyo halua, basi vitu vikae juu, pakavu, na vikaguliwe. Na tafadhali, msivipeleke kwenye laminesheni. Nimeletewa hati ya ndoa ya kale iliyofungwa ndani ya plastiki kwa moto. Ile plastiki sasa ndiyo hati, maana haitoki bila kuondoka na wino.

Jalada likiwa limeoza kabisa, mimi huikata karatasi ya ndani nzima pamoja na kilichobandikwa, nikaihamishia kwenye jalada jipya, pahali pale pale.

Karibuni alikuja mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Nairobi, akaona kijikaratasi cha daktari mmoja wa enzi za ukoloni ndani ya kitabu cha ndege.

"Ustadhi, nibandulie hiki tu, kitabu baki nacho."

"Kijikaratasi ni bure," nikamwambia. "Kitabu ndicho nauza."

Tukavutana bei mpaka adhana ya alasiri. Alikichukua kizima, na kabla ya kuondoka akaniuliza kumshonea mgongo ni kiasi gani.