Jitu la Wagugunaji na Jamaa Zake wa Nairobi

Makumbusho ya Taifa, ambayo hapo awali yalikuwa mahali lilipo leo jengo la Nyayo katikati ya Nairobi, na ambayo yalifunguliwa rasmi mwaka 1930 juu ya kilima cha njia ya Westlands kwa jina la Gavana Coryndon, huwavuta wageni wengi kwa sanamu ya ndovu Ahmed na kwa mifupa ya binadamu wa kale. Walakini nyuma ya kuta hizo, katika maghala wasiyofunguliwa wageni, yamo mataya madogo ya kuweza kulala juu ya ncha ya kidole, yameandikwa kwa wino herufi KNM za jina la makumbusho, kisha herufi nyingine za kutaja mahali yalipotoka, SO kwa Songhor, RU kwa kisiwa cha Rusinga, kisha nambari. Ni mataya ya wagugunaji waliokula majani na mizizi ya nchi hii yapata miaka milioni 18 hadi 20 iliyopita. Nami naona kwamba asiyeyajua hayo hawezi kuielewa barabara habari ya mgugunaji mkubwa kupita wote waliopata kujulikana, ijapokuwa yeye alionekana mbali sana na hapa, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki.

Jina lake la kitaalamu ni Josephoartigasia monesi. Fuvu lake lilipatikana mwaka 1987 ndani ya jabali lililopasuka katika pwani ya Uruguay, likapelekwa makumbusho ya Montevideo, likakaa humo miaka mingi hata Andrés Rinderknecht na Ernesto Blanco walipolitangaza mwanzoni mwa mwaka 2008. Urefu wake ni sentimita 53. Kapibara wa Amerika ya Kusini, ambaye ndiye mkubwa wa wagugunaji walio hai, mwili wake mzima kwa kawaida huwa na kilo 50 au 60 tu. Lakini wataalamu hao walikadiria kuwa mnyama wa fuvu hilo alikuwa na uzito wa tani moja hivi, na magazeti ya dunia, kama ilivyo ada yao, yakaishika tani hiyo kana kwamba mnyama alipandishwa mizanini. Mwaka 2022 hesabu nyingine, iliyotumia upana wa vifundo ambavyo kwavyo fuvu huungana na shingo, ilimshusha mpaka kilo 480. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa mtu: kanuni za kukisia uzito hutolewa kwa wanyama wadogo walio hai, kisha hunyooshwa mpaka kwa jitu lisilo na mfano, na mwenye kichwa kikubwa si lazima awe na mwili wa kadiri hiyo.

Nairobi nayo ina mkasa wa namna hiyohiyo. Katika droo za makumbusho yetu lilikaa taya lililofukuliwa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, baina ya mwaka 1978 na 1980, mpaka Matthew Borths na Nancy Stevens walipolitambua kuwa la mnyama asiyepata kuelezwa, wakamtangaza mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kitupu, Simbakubwa kutokaafrika. Huyu si mgugunaji bali mla nyama, wala si simba kwa nasaba. Lakini uzito wake pia umekisiwa tangu kilo 280 hadi 1,500, na mwenye kuzichanganua hesabu hizo atafanya vyema kuamini ile ya chini kwanza.

Ukubwa basi ndilo jambo lisilo na hakika katika habari hizi. Lililo na hakika zaidi, na la ajabu zaidi kwa maoni yangu, ni nasaba. Mwaka 1914 kisukuku cha Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, kiliitwa Paraphiomys pigotti, naye ni jamaa wa ndezi. Na mwaka 1973 padre Mfaransa, René Lavocat, alitoa kitabu kizima juu ya wagugunaji wa kale wa Afrika Mashariki, akashikilia kwamba kapibara na jamaa zake wa Amerika ya Kusini asili yao ni Afrika. Wapo waliompinga, lakini leo rai yake ndiyo inayokubaliwa na wengi: zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, Atlantiki ikiwa nyembamba kuliko ilivyo sasa, wagugunaji wachache yamkini walichukuliwa na magogo na matope yaliyong'olewa na mafuriko ya mito, wakatupwa pwani ya pili, na uzao wao ukaenea bara zima. Wale wa Songhor na Rusinga si mababu wa jitu la Uruguay, kwani waliishi baada ya safari hiyo; ni binamu waliobaki nyumbani.

Ushahidi wa udugu huo hata asiyesoma anaweza kuuona. Ukilishika fuvu la nungunungu au la ndezi ukalitazama kwa ubavuni, utakuta mbele ya tundu la jicho pana tundu jingine kubwa, ambalo sehemu ya msuli wa kutafunia hupenya humo kwenda kushika pua. Fuvu la Uruguay lina tundu hilohilo, ila ni la kadiri ya jitu. Mwaka 2015 wataalamu walikisia kwamba meno yake ya mbele yaliweza kuuma kwa nguvu za chui milia, na kwamba yalistahimili mzigo uliozidi huo mara tatu, jambo lililowafanya wadhani kuwa aliyatumia kama ndovu atumiavyo pembe, kwa kuchimbua mizizi ama kupigania nafsi yake.

Kuchimbua mizizi ni kazi ambayo nungunungu wa Karen na Lang'ata, hapa Nairobi, hajaiacha. Hutoka usiku katika vichaka vya ukingoni mwa msitu wa Ngong, na mwenye bustani akiamka akakuta viazi vyake vimetafunwa nusu nusu, na mwiba wenye mapande meusi na meupe umeanguka juu ya tuta, hahitaji mtu wa makumbusho kumtajia mgeni wake.