Hesabu ya Kuchagua Meza katika Mchezo wa Poka

Watu wengi hudhani kwamba faida katika mchezo wa karata uitwao poka hutokana na kupata karata njema. Nadharia ya uwezekano yatufundisha vingine. Katika aina ijulikanayo kama Texas hold'em, ichezwayo sana katika majumba ya kamari ya Las Vegas nchini Marekani, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, na karata tano za wazi huwekwa mezani zitumiwe na wote. Karata 52 hutoa jozi 1,326 za kuanzia, na ree mbili humfikia mchezaji mara moja tu, kwa wastani, katika migawo 221. Lakini uwezekano huo ni sawa kwa wote. Kadiri migawo inavyozidi, uzito wa bahati hupungua, na kinachoonekana ni tofauti ya ustadi baina ya wachezaji.

Ushuru wa Jumba

Jumba la kamari nalo lina fungu lake, kwani hukata sehemu ya fedha zilizowekewa dau. Tuchukue mfano. Wachezaji 9 wenye ustadi ulio sawa wameketi. Karata hugawiwa mara 30 kwa saa, na jumba hukata dola 4 kila mara. Kwa saa moja dola 120 zimeondoka mezani, yaani zaidi ya dola 13 kwa kila mtu. Wote ni mahodari, na wote, kwa wastani, wanapata hasara. Hivyo ustadi peke yake hautoshi. Lazima uzidi ustadi wa wengine kwa kiasi kipitacho ushuru huo.

Dalili za Kutazamwa

Mchezaji mwenye busara husimama kando kwanza na kuhesabu. Je, ni wangapi hulipa dau ili waone karata tatu za kwanza za wazi? Wakiwa watano au sita mara kwa mara, bila kupandisha dau, wengi wao wanashikilia karata dhaifu. Wakiwa wawili tu, baada ya mmoja kupandisha na wengine kujitoa, huenda meza hiyo ni ya mahodari.

Asidanganywe na rundo la fedha mbele ya mtu. Migawo 20 yaweza kufichua tabia, lakini haithibitishi ustadi, kwa kuwa ushindi wa muda mfupi ni mwana wa bahati.

Kiti nacho kina thamani. Zamu hufuata mwendo wa mishale ya saa; aketiye kushoto kwa mchezaji mwenye papara humwona akiamua kabla yake, naye hupata habari bila malipo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika poka, kuchagua ni nusu ya kazi. Na kama hakuna meza ifaayo, jibu la hesabu ni wazi: sifuri ya asiyecheza ni kubwa kuliko hasara ya dola 13 kwa saa.