Mgonjwa wa Namna Hii Asingoje Zamu

Habari za vidonda vya miguu ni za zamani katika Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Safari ilichukua kama miezi mitatu. Hata Livingstone, mzungu aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa amezuiwa na vidonda vya miguu kule Manyema mwaka 1870, kwa wiki nyingi. Yeye alipona.

Je, kidonda kinawezaje kuua? Vijidudu huingia mwilini, na mwili hupigana navyo. Mara nyingi mwili hushinda. Lakini pengine vita hupita kiasi, mwili ukaanza kujiumiza wenyewe. Ni kama mkulima anayechoma majani shambani, moto ukaruka ukala nyumba yake. Mapafu, figo na ubongo huumia. Madaktari huita hali hii sepsisi. Hutokana pia na kichomi, na homa ya uzazi, na kitovu cha mtoto mchanga kilichoingia uchafu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2017 watu milioni 49 walipata sepsisi duniani, na milioni 11 walikufa.

Sepsisi hujificha. Huku kwetu mtu akichemka mwili tunasema ni malaria. Malaria ni nyingi, ni kweli. Lakini mtu anaweza kuwa na malaria na sepsisi pamoja. Na kipimo kikionyesha kuwa hana malaria, ugonjwa wake bado haujajulikana. Wengine hawachemki kabisa, mwili huwa wa baridi.

Kwa hiyo hospitali inayotaka kuwaokoa wagonjwa hawa huanza kazi mlangoni. Muuguzi hapimi joto tu. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima, akitazama saa. Huhesabu mapigo ya moyo. Hupima presha. Humwuliza mgonjwa jina lake na mahali alipo, aone kama akili imetulia. Mtu mzima anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, au aliyechanganyikiwa, au ambaye presha yake imeshuka, hutolewa kwenye mstari aonwe na daktari upesi. Wanaobaki barazani hupimwa tena, maana mtu hubadilika kwa saa chache. Kazi hii haidai mashine kubwa. Inadai saa, vipimo viwili vitatu, na muuguzi mwenye nafasi ya kutulia na mgonjwa mmoja. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kupatikana, watu wakiwa wamejaa.

Hapo wewe uliyemleta mgonjwa una kazi. Muuguzi hajui mgonjwa alikuwaje jana. Mwambie: alijikata na shoka siku tatu zilizopita, akikata kuni za kukaushia tumbaku. Au alijifungua juma lililopita. Tangu jana hajakojoa. Usiku alisema maneno yasiyoeleweka. Taja vidonge mlivyompa nyumbani, hata kama mlinunua dukani bila cheti. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Akizidiwa mkiwa bado mnangoja, inuka umwite muuguzi.

Lakini usimlazimishe amtundikie mgonjwa dripu. Wengi wetu tunaamini dripu humfaa kila mtu. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali waliotiwa maji mengi kwa haraka mshipani walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakutiwa hivyo. Maji hayo ni dawa, na hutolewa kwa kipimo.

Dalili zikitokea usiku, tafuta baiskeli au pikipiki usiku huo huo. Kwa mgonjwa ambaye presha imekwisha kushuka, madaktari hutaka dawa ya kuua vijidudu iingie mshipani ndani ya saa moja tangu sepsisi ilipotambuliwa.