Kupiga foto konokono wadogo chini ya maji ya tope: siri ni kusogea karibu

Maji ya Ziwa Kivu tunayoyaona hapa Goma yanatokea Bukavu, yanateremka na mto Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Njiani, mito mingine inaongeza udongo wa milimani. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha, maji ya ufukweni kule yanakuwa ya tope.

Humo ndani wanaishi konokono wasiopatikana pengine duniani. Tiphobia ana miiba kwenye gamba na anakaa juu ya tope. Lavigeria yeye anakula mwani unaoota juu ya mawe. Wengi ni wadogo, sentimita chache tu. Wanafanana na konokono wa baharini mpaka Mwingereza J.E.S. Moore, katika kitabu chake cha 1903, alidai ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Leo inajulikana kwamba sivyo: walijibadilisha humohumo ziwani.

Kwa nini foto inaharibika?

Umeshapanda motari usiku kwenye vumbi? Ukiwasha taa kali, vumbi linakurudishia mwanga machoni. Chini ya maji ni vilevile. Taa ya aparei inamulika chembe za udongo, na foto inajaa madoa meupe. Kuongeza mwanga hakusaidii.

Ufanye nini?

Sogea karibu, hata sentimita kumi. Maji yakipungua kati yako na konokono, tope pia linapungua. Taa iweke pembeni, isikae juu ya aparei, ili imulike konokono bila kumulika maji yaliyo mbele yako. Usiache taa kabisa, kwa sababu maji yanameza rangi nyekundu kwanza, na kila kitu kinaonekana kijani au buluu. Miguu isiguse chini; ukitibua tope, subiri litulie. Asubuhi, mbele ya upepo kuamka, ndiyo saa nzuri.

Lakini usiingie peke yako. Uliza wavuvi kwanza: kuna mamba na viboko, na penye majani kunaweza kuwa na bilharzia.

Inatusaidia nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mahali udongo mwingi unaposhuka kutoka milima iliyokatwa miti, aina za samaki na za vidudu vya majini ni chache. Tope linafunika mawe, na mwani unaolisha Lavigeria unafunikwa pamoja nayo. Kwa hiyo andika tarehe na mahali kwenye kila foto, kisha rudi palepale mwaka ujao, kwenye jiwe lilelile. Kama konokono hawapo tena na jiwe limezikwa, utakuwa na ushahidi mkononi. Na kazi ya kuwaokoa haitaanzia ziwani. Itaanzia juu mlimani, kwa kupanda miti.