Kiingilio Chenye Bei Nne

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza kwenye dansi ya contra huko New England, Marekani, huweza kukwama mlangoni. Bango linasema dola 5 hadi 20. Anamgeukia aliyekaa na kikasha cha fedha: "Sasa mimi nilipe ngapi?" Anajibiwa kwa tabasamu: "Unachoweza."

Contra huchezwa kwa safu ndefu mbili zinazotazamana. Fidla na piano hupigwa papo hapo, mwita hatua huelekeza, na kila jozi husogea kando ya safu ikikutana na jozi nyingine. Safu ikiwa fupi, utamu hupungua hata kwa aliyelipa dola 20.

Tuchukue mfano wa usiku mmoja. Ukumbi dola 250, wapigaji watatu na mwita hatua 125 kila mmoja, vipaza sauti 50. Jumla 800. Wakija watu 80, wastani unaotakiwa ni 10. Ukiwatoza wote 10, mwanafunzi na mstaafu wa pensheni ndogo watabaki nyumbani, na kodi ya ukumbi haitapungua hata senti kwa kukosekana kwao. Wakija na 5 zao, hizo ni fedha ambazo zisingekuwepo kabisa, na safu imerefuka.

Kosa la waandaaji ni kutaja kima cha chini na cha juu, wakanyamazia cha kati. Mgeni huiona 5, akadhani ndiyo bei na kinachozidi ni sadaka. Watu 30 wakilipa 5, wengine 30 wakalipa 10, 15 wakatoa 15 na watano 20, kikasha kitakuwa na 775. Zimepungua 25 tu: watano wakipanda ngazi moja, deni limekwisha. Lakini nani atapanda asiyejua kuna upungufu? Bango liseme wazi kwamba 10 ndiyo gharama ya mtu mmoja, 15 na 20 humbeba mwenzako, na wa 5 karibu sana. Asiulizwe mtu kitambulisho wala sababu. Mimi ningekataza hata lile swali la "huwezi kuongeza kidogo?"

Wapo wanaosema watu watatumia vibaya. Hutokea. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliacha wageni wote walipe watakacho hadi Machi 2018, kisha watu wazima kutoka nje ya jimbo hilo wakapangiwa dola 25. Ila mgeni wa makumbusho hupita mara moja akaenda zake. Mchezaji wa contra atarudi, na usiku huohuo atashikana mikono na nusu ya ukumbi.

Sisi wa taarab tuna njia yetu: mlangoni kiingilio ni kimoja, halafu mwenye nacho huinuka akamtunza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Wenzetu wa contra wameipindua. Tofauti ya mifuko huishia mlangoni, kimyakimya, na ndani hakuna ajuaye nani katoa nini.

Basi ukifika kwenye mlango wa namna hiyo, usimuulize mwenye kikasha. Taja kiasi, weka, ingia ucheze.