Mafuta Yakipanda, Dereva Anashuka!

Na Mwandishi Wetu

Naanza kwa kujicheka mwenyewe, ili wewe msomaji usipate taabu ya kunicheka.

Ilikuwa Jumanne, Oktoba 3, 2023, saa nne usiku. Mjini zilikuwa zimezagaa tetesi kwamba kesho yake mafuta yanapanda. Basi na mimi, na kagari kangu kachovu, nikajitosa kwenye foleni ya sheli moja hapa Dar es Salaam. Foleni ilitoka nje hadi barabarani. Mbele yangu bajaji, nyuma yangu Noah, pembeni bodaboda wanachomekea kama kawaida yao. Nikapandisha vioo kukwepa mbu, nikawasha kiyoyozi, nikafungulia muziki. Saa nzima.

Nilipofika kwenye pampu nikamwambia yule dada kwa sauti ya mtu mwenye mshiko, "Weka lita ishirini." Bei ilikuwa shilingi 3,213 kwa lita. Kesho yake EWURA wakatangaza: petroli Dar es Salaam shilingi 3,281. Nikapiga hesabu haraka haraka. Shilingi 68 mara lita 20, nimeokoa shilingi 1,360. Nikajiona mtoto wa mjini kweli kweli.

Jirani yangu ni fundi magari. Nikamtambia. Akaniuliza swali moja tu: "Braza, hiyo saa nzima kwenye foleni, injini ilikuwa imezimwa?"

Ilikuwa inaunguruma, tena na kiyoyozi. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia injini ndogo kama yangu, ikisimama inanguruma saa nzima huku kiyoyozi kikifanya kazi, inaweza kunywa karibu lita moja. Yaani nilichoma mafuta ya shilingi 3,213 ili niokoe shilingi 1,360. Mjini shule, na mimi siku ile nilipata sifuri.

Tangu hapo nikaamua kuchunguza wenzangu wanaishije na hii kasheshe. Maana mimi gari langu ni la kwenda kazini na Jumapili ufukweni. Wapo ambao gari likigoma, watoto hawali.

JUMATANO YA KWANZA

Kwa wasiofuatilia: bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huanza kutumika siku hiyo hiyo kuanzia saa sita na dakika moja usiku. Ndiyo maana usiku wa Jumanne sheli zinageuka kama disko la mwisho wa mwezi. Neno lenyewe ni kikomo, kwa hiyo mwenye sheli anaruhusiwa kuuza chini ya hapo, ila kuzidisha ni kosa.

Bei hiyo haitoki hewani. Kuna bei ya soko la dunia, kuna meli, kuna bima, kuna kodi na tozo, halafu kuna dola. Mafuta yote tunanunua nje kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikiyumba, pampu nayo inayumba. Yanaingilia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kila unavyokwenda mbali na bandari ndivyo nauli ya lori inavyoongezeka kwenye lita. Mtu wa Kagera akisikia wa Dar analia, anashangaa.

Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza Februari 2022, wengi tulidhani ni mambo ya kwenye televisheni. Haikupita muda yakatufikia mpaka kwenye nauli ya Kariakoo. Mwezi Juni mwaka huo serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali, na hata hivyo mwezi Agosti petroli Dar es Salaam ikafika 3,410. Mwaka uliofuata ikashuka kidogo, watu wakaanza kupumua, halafu Agosti 2023 ikaruka kwa mpigo mmoja kutoka 2,736 hadi 3,199. We acha tu.

HESABU YA TAJIRI HAIJUI MAFUTA

Mwezi ule ule wa Oktoba nilipanda Coaster moja ya upande wa Temeke, nikaomba kukaa mbele na dereva kutwa nzima. Jamaa ana miaka thelathini na kitu, mke na watoto wawili. Gari si lake. Kila jioni lazima ampelekee tajiri hesabu yake kamili, iwe mvua, iwe jua, iwe gari limekamatwa. Mafuta ananunua yeye. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na konda.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, mpenzi msomaji. Dizeli ilikuwa 2,935 mwezi Agosti mwaka huo. Oktoba ikawa 3,448. Imeongezeka shilingi 513 kwa lita. Coaster ikinywa lita 40 kwa siku, hiyo ni shilingi 20,520 za ziada kila siku ya Mungu. Nauli ya ruti fupi wakati ule ilikuwa shilingi 500. Gawanya mwenyewe: abiria 41 zaidi kila siku, ili tu dereva arudi pale alipokuwa Agosti. Hao ni Coaster nzima imejaa mpaka mlangoni.

"Tajiri umemwambia?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Kasema kama siwezi nimwachie gari, deiwaka wamejaa kituoni wanalitaka."

Saa saba mchana tukafika kituo cha shule. Wanafunzi kama kumi, sare nyeupe zimeshaingia vumbi. Konda akaziba mlango kwa mkono. "Wawili tu! Wawili!" Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na konda alikuwa anahesabu viti kwa bei ya mtu mzima. Binti mmoja mdogo, begi kubwa kuliko mgongo, akabaki amesimama anatutazama bila kusema neno.

Dereva akaangalia kwenye kioo. Akanyamaza kidogo. Halafu akapiga kelele, "Konda, pandisha wote!"

"Kaka, mafuta je?"

"Nimesema pandisha. Wangu naye yuko kituoni saa hizi."

Jioni, baada ya hesabu ya tajiri na mafuta, walibaki na shilingi 14,000. Saba kwa saba. Konda hakumsemesha mpaka wanaagana, na mimi sikuwa na la kumlaumu, maana naye ana kwake.

LATRA walikuja kupandisha nauli Desemba 2023, ruti ya hadi kilomita 10 ikatoka 500 kwenda 600. Kabla ya hapo walipandisha Mei 2022, kutoka 400 kwenda 500. Utaona kwamba mafuta yanaweza kupanda kila mwezi, nauli inangoja mwaka na nusu. Huo muda wote wa katikati, anayebeba mzigo ni dereva, konda na yule binti wa kituoni.

MBINU ZA MJINI

Dawa ya kwanza ya daladala kila mtu anaijua: kukatisha ruti. Abiria mmelipa mpaka mwisho, mnaambiwa "mwisho hapa, gari linageuza." Dereva anaokoa lita moja au mbili. Akikutana na trafiki, faini wakati ule ilikuwa shilingi 30,000. Lita ngapi hizo? Karibu tisa. Mbinu gani hiyo inayokula kuliko ugonjwa?

Ya pili ni kuachia nyutro kwenye mteremko, na wengine wanazima injini kabisa. Madereva wa malori wa Kitonga wanaijua, na wapo ambao hawakurudi kusimulia. Injini ikizimwa, breki inakuwa nzito baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa kama wa trekta. Cha kuchekesha ni kwamba kwa magari ya siku hizi yenye sindano za umeme wala huokoi. Ukiteremka gari likiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, mfumo wenyewe unakata mafuta. Ukiweka nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizime. Yaani unahatarisha roho yako na bado unalipa.

Ya tatu ni ya sisi wenye vigari: "Dada, weka ya buku tano." Geji iko chini ya mstari mwekundu wiki nzima. Kwenye magari mengi pampu ya mafuta iko ndani ya tenki, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiendesha mkavu kila siku, pampu inachoka. Siku ikifa, utajua buku tano ilikuwa rahisi.

Ya nne ni kununua mafuta ya kichochoroni kwenye dumu. Hapa sitaki utani. Kwanza hujui yamechanganywa na nini. Uchakachuaji ulishamiri mpaka mwaka 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili watu wasiyachanganye na dizeli. Pili, petroli si maji ya kunywa ukayaweke uvunguni. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100.

Zinazofaa zipo, tena za bure. Pima upepo wa matairi, maana tairi laini linakula mafuta. Shusha keria kama hubebi kitu. Usikanyage kama unakimbizwa halafu ukafunga breki hatua kumi mbele. Na ile ya ofisini kwetu: watu wanne wa njia ya Tegeta wameacha magari matatu nyumbani, wanapanda moja kwa zamu na kuchangia mafuta. Umbea wa asubuhi nao umeongezeka, ila hiyo ni faida.

MWENZAKO KAHAMIA GESI

Habari ya mjini kwa hawa wa bajaji na teksi ni gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Mwaka 2023 kilo moja iliuzwa kama shilingi 1,550, na kilo hiyo inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Kufunga mfumo kwenye gari dogo wakati ule kulitajwa kuanzia milioni moja na nusu hadi mbili.

Tufanye hesabu za kitaa. Dereva wa teksi anayetumia lita 10 kwa siku, kwa bei ya Oktoba ile, alilipa 32,810. Kwa gesi angehitaji kilo 7 hivi, kama 10,850. Anabaki na karibu 22,000 kila siku. Akifunga mfumo wa milioni 1.8, fedha yake inarudi ndani ya siku 82. Mimi wa lita tatu kwa siku ningesubiri miezi tisa, na buti la gari lote limechukuliwa na mtungi. Kwa hiyo usiige tu kwa sababu mshikaji kafunga. Anayetembea sana ndiye anayefaidi.

Kasoro ipo. Vituo vilikuwa vya kuhesabu, na foleni zake zilifanya ile yangu ya Oktoba ionekane utani. Kijana mmoja wa bajaji aliniambia amelala kituoni mara mbili kwa wiki moja. "Naokoa hela, napoteza usingizi," alisema. Tena mtungi ule unabeba mgandamizo wa karibu mara 90 ya tairi la gari, kwa hiyo usimpe fundi wa chini ya mwembe. Nenda kwenye karakana zinazotambulika. Hata Chuo cha DIT wanafunga.

WAZEE WALIYAONA

Ukidhani haya yameanza jana, muulize baba yako. Enzi za Mwalimu, nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Ukienda kumwona mchumba, saa saba unaaga. Na Agosti 2011, EWURA waliposhusha bei, wauzaji wengi wakagoma kuuza, watu wakasukuma magari mjini mchana kweupe. Kupanda shida, kushuka nako shida!

Juzi nilikutana na yule dereva wa Coaster. Bado yuko barabarani, bado gari si lake, bado anampelekea tajiri hesabu. Nikamuuliza kuhusu wanafunzi. Akacheka. "Konda wangu siku hizi hazibi mlango, braza. Tumekubaliana wanne kila safari, iwe mafuta yamepanda, iwe yameshuka."

Mimi kwa upande wangu, usiku wa Jumanne ya kwanza ya mwezi nalala nyumbani. Gari limezimwa. Fundi jirani anapita kunichungulia kuhakikisha.