Harusi ya Mwanao Isikulaze Wodini

Mama, kama mwanao anaoa au anaolewa miezi michache ijayo, makala hii ni yako. Bibi harusi ana watu wengi wa kumshauri kuhusu gauni, nywele na maua. Mama yake, au shangazi aliyemlea, au bibi aliyebaki na wajukuu, mara nyingi hana wa kumwuliza kama leo amekula. Tunapopita mitaani kupima presha, hasa kuelekea Desemba, tunakutana na wengi wa namna hiyo. Hajalala vizuri wiki mbili, dawa zimeisha, na hajaja kuchukua nyingine kwa sababu anasubiri shughuli ipite.

Presha haisubiri shughuli.

Msongo unafanya nini mwilini

Ukiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni zilezile zinazotoka ukikutana na nyoka njiani. Moyo hudunda haraka, mishipa ya damu hubana, sukari kwenye damu hupanda. Nyoka akipita, mwili hutulia. Lakini vikao vya harusi havipiti. Kila Jumapili kuna kikao, na katikati ya wiki kundi la WhatsApp linalia mpaka usiku wa manane. Usingizi unapungua, chakula kinakuwa mara moja kwa siku, na soda inashika nafasi ya mlo.

Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hivyohivyo, ni presha ya juu. Wengi hawasikii dalili yoyote, kwa hiyo usipime kwa kujisikia. Pima mara moja mwanzoni mwa maandalizi na mara nyingine wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Kama unatumia dawa za presha au za kisukari, chukua za kutosha kuvuka tarehe ya harusi, kisha mkabidhi mtoto mmoja kazi ya kukukumbusha. Uji asubuhi, au michembe na karanga ukiwa mbioni, vinakusaidia kuliko chai ya sukari tupu.

Kuna dalili ambazo hazingoji kesho: kichwa kuuma ghafla na vibaya sana, kifua kubana, macho kuona giza, mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kukosa nguvu, maneno kutoeleweka. Mdomo, mkono na maneno ni dalili za kiharusi. Hapo ni hospitali muda uleule, hata kama magari ya msafara yameshapambwa.

Ndoa ni ipi, sherehe ni ipi

Msongo mwingi unatokana na kuchanganya vitu viwili hivi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaooana wawe wamekubali kwa hiari yao, taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, awepo mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, na mashahidi wasiopungua wawili. Inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila. Inasema pia kwamba mahari kutolipwa au kutokamilika hakuivunji ndoa. Ukumbi haumo. Keki haimo. Sare ya kamati haimo.

Sisemi msifanye sherehe. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunapenda kusherehekea, na mtoto kusindikizwa na ndugu zake ni jambo la maana. Ninachokushauri ni kuwakalisha wanaooana kabla kamati haijaundwa na kuwauliza: mambo gani matatu mkiyakosa siku hiyo mtasikitika miaka kumi baadaye? Majibu yao huwa ya bei ndogo kuliko unavyodhani. Mmoja atataka babu aletwe kutoka Sengerema aje atoe baraka. Mwingine atataka kwaya aliyokulia iimbe, au ngoma ya Kisukuma ichezwe nyumbani. Hayo matatu yaandikwe, yapewe fedha kwanza, na yasiguswe. Mengine yote yanaweza kupunguzwa.

Sendofu na kicheni pati ni kati ya hayo mengine. Familia moja kufanya kicheni pati, sendofu na harusi ndani ya wiki mbili ni kumchosha mama bure, na najua wapo watakaonuna nikisema hivyo. Mafunzo ambayo bibi harusi angepewa ukumbini anaweza kupewa sebuleni na mashangazi wanne, akayasikia vizuri zaidi maana hakuna spika.

Wa kunung'unika hakosekani, mara nyingi ni ndugu mwenye sauti. Mjibu kwa heshima bila kurudi nyuma: "Kaka, nashukuru kwa wazo. Watoto wamechagua haya matatu, na fedha tuliyonayo inatosha haya. Ukiweza kulibeba hilo la matarumbeta, libebe lote, tutafurahi."

Ahadi si fedha

Kadi za michango zikishatoka, watu huahidi kwa moyo mweupe, halafu mwezi unakuwa mgumu. Mkiwa na ahadi za milioni nane na mkononi kuna milioni tano, pangeni harusi ya milioni tano. Wekeni tarehe ya kufunga hesabu, wiki tatu kabla ni nzuri. Kinachoingia baada ya hapo kiende kwa maharusi waanzie maisha.

Pengo lisizibwe na mikopo ya kausha damu. Deni la aina hiyo linakuja mlangoni kila wiki, na mama ndiye anayekutwa nyumbani. Usiguse mtaji wa genge lako, ada ya wadogo zake, wala fedha ya kikoba ambayo si yako peke yako. Mweka hazina awe mtu mwingine, si wewe. Na wiki ya mwisho simu zote za "nauliza ukumbi uko wapi" ziende kwa kijana mmoja ambaye namba yake imeandikwa kwenye kadi.

Chakula na maji

Hapa niwe mkali kidogo. Harusi inaweza kuharisha ukoo mzima. Pilau iliyopikwa alfajiri na kukaa kwenye sufuria ya uvuguvugu mpaka jioni ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Chakula kikae cha moto sana mpaka kinapogawiwa. Kikishapoa kisizidi saa mbili bila kuliwa au kuwekwa kwenye friji, na kikirudishwa motoni kichemke hasa. Nyama mbichi na kachumbari zisikatwe kwa kisu kimoja. Sato na sangara wanunuliwe siku hiyohiyo au wakae kwenye barafu. Ndoo ya maji tiririka na sabuni iwe karibu na wapishi na karibu na choo. Anayeharisha asipike, hata kama ndiye mpishi bora wa mtaa.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, hata yakionekana meupe. Kipindupindu hakina rangi. Nunua pakiti chache za ORS uziweke ndani: pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Mtu akianza kuharisha maji mengi, aanze kunywa hiyo huku mnamkimbiza kituo cha afya.

Kwa mnaoishi kando ya ziwa kuna jambo linalosahaulika. Mabinti hutumwa kuchota maji na kuosha masufuria wakiwa wamesimama ziwani, na kichocho huingia kupitia ngozi. Tafuteni maji ya bomba au ya kisima. Kama hakuna ila ya ziwa, anayechota asikae majini, na maji yatulie kwenye tanki lililofunikwa siku mbili kabla ya kuoshea.

Wageni wa visiwani

Mkiwa na ndugu Ukerewe au Ukara, panga safari yao kama unavyopanga chakula chao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba wengi zaidi ya hao. Watu zaidi ya 220 walikufa. Msijaze ndugu mtumbwi mmoja ili kuokoa nauli. Waje siku moja kabla, mchana, kila mmoja na jaketi la kuokolea. Nafasi ya kulala itapatikana.

Maharusi wenyewe

Waende kupima pamoja mapema, si wiki ya harusi: VVU, na pia selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inao wengi. Wote wawili wakiwa na vinasaba vya selimundu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo hakiwakatazi kuoana. Kinawapa nafasi ya kupanga na kumpima mtoto mapema. Waulizie kituo cha afya kilicho karibu, Sekou Toure au Bugando.

Bibi harusi asitumie mkorogo ili ang'ae kwenye picha. Una zebaki na kemikali nyingine zinazoharibu ngozi na figo. Asijinyime chakula ili gauni limkae, fundi atalipanua.

Usiku wa kuamkia harusi lala, hata kama kuna watu wanakesha nje. Ukiwa na swali la afya piga 199, ni bure. Na Jumatatu inayofuata, kabla hujaanza kurudisha masufuria ya watu, pita kituoni upime presha.